Kwa Mama Shiru, Kuhusu Visa Tuliyonyimwa

Mama Shiru wangu,

Nakusalimu kwanza. Juzi kwenye simu tuliruka salamu tukaingia moja kwa moja kwenye maneno, na vile yalivyoisha unajua. Leo naanza vizuri. Habari za Makongeni? Umelala vyema? Mgongo unaokusumbua ukikaa sana kwenye cherehani umepoa kidogo? Shiru anakula chakula cha maana, ama bado ni chai na mandazi? Na nyanya yake, Cucu, kule Gatuanyaga, mvua imemfikia ama bado anachota maji kwa punda? Mimi mwili ni mzima. Baridi imeingia huku, navaa soksi mbili nikienda kazini, na wenyeji wananicheka wakisema hii bado si baridi.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu imenishinda. Wewe ukinyamaza kule, mimi huku naogopa kimya chako na kuanza kusema ovyo. Barua hii nampa Mama Wairimu wa Ruiru, yule nesi niliyekuambia tunasali naye. Anarudi nyumbani kumzika baba yake, na ameniahidi ataileta mpaka mlangoni. Mpe chai na usimwache aondoke haraka. Ana msiba, na safari ya kutoka Australia si mchezo.

Wacha nikueleze yote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa maana nimekuwa nikikupa habari vipande vipande, kila simu kipande, na nafikiri ndiyo sababu ulikaa ukaamua peke yako.

Unajua nilivyotoka Ruiru. Ile hospitali ya mtu binafsi ilipofungua wodi ya wagonjwa wa akili, mimi ndiye nesi wa kwanza waliyemwajiri, na nilidhani nimefika. Haikudumu. Siku moja mwenye hospitali aliniita ofisini, akaketi juu ya meza, akasema bila hasira, kama mtu anayeeleza bei ya mbolea: "Mwaura, wewe ni mtu mzuri. Lakini wagonjwa wako hawapigwi eksrei. Hawafanyiwi upasuaji. Wanakula, wanalala, wanaongea na wewe. Mama mmoja akija kujifungua kwa upasuaji ananiletea pesa kuliko wodi yako yote."

Nikamwuliza watu wetu waende wapi.

"Hilo ni swali la serikali," akasema.

Haukupita muda mrefu, mahali pale pakawa wodi ya kina mama, na mapazia ya rangi ya waridi. Sikumchukia. Ana biashara, na alikuwa ananiambia vile biashara yake inavyokwenda. Nikalichukua swali lake nikalipeleka serikalini, na huko nikaambiwa nafasi hazijatangazwa. Wakati huohuo wewe ulikuwa unapanga foleni kliniki kule Thika tangu asubuhi na mapema, nesi mmoja, benchi limejaa mpaka nje, na ukifika dirishani unaambiwa dawa zimeisha, jaribu kemisti. Nesi wa akili ameketi nyumbani hana kazi, na mke wake mgonjwa hana nesi. Unakumbuka ulivyosema? "Si wanipe wewe tu." Tulicheka mpaka Shiru akaja kuuliza kuna nini. Nilicheka na wewe, lakini neno lile lilinikaa.

Basi nikaja huku. Kazi yangu sijawahi kukueleza vizuri, kwa kuwa niliona vibaya kukueleza. Mji wenyewe ni mdogo kuliko Ruiru, wa wakulima wa ngano. Nimepewa gari la serikali nizunguke kuwatembelea wagonjwa makwao. Kuna mmoja nitamwita Helen, si jina lake. Ni wa rika lako. Ugonjwa wake ni huu wako wa kupanda na kushuka, na ulimwanza kama ulivyokuanza wewe, baada ya kujifungua. Anameza vidonge vilevile unavyomeza. Anafanya kazi kwenye duka la mikate. Mimi naendesha gari kupita mashamba yasiyokwisha, nafika kwake, namtoa damu akiwa ameketi jikoni na kikombe mkononi, ili tujue kama dawa imezidi ama imepungua mwilini. Halipi kitu. Hajawahi kuuliza kama dawa zipo, kwa sababu haijawahi kumpitia akilini kwamba zinaweza kukosekana.

Mara ya kwanza nilipotoka kwake nilisimamisha gari kando ya barabara. Nilikuwa naiona ile maabara ya Thika, na vile ulivyokuwa ukiahirisha kupima damu mpaka mwezi ujao, na mwezi ujao mpaka ule mwingine, ili Shiru apate viatu. Nilikaa pale hadi lori likanipigia honi.

Usidhani huku ni mbinguni. Daktari wa akili tunaye kwenye skrini tu, yeye yuko mjini mbali sana na anayetaka kumwona anangoja. Nimeona mtu amelazwa kwenye korido ya dharura, taa hazizimwi, akisubiri kitanda cha wodi kipatikane. Wakubwa nao wanaongea juu ya vitanda kama yule bwana wa Ruiru, ila wao wana maneno laini zaidi. Na wauguzi wenyewe, mmoja ametoka Zimbabwe, mwingine Ufilipino, Leena ametoka India, na mimi. Leena ana kaka mgonjwa kwao, na mshahara wa huku ndio unaomlipia hospitali ya kule. Siku moja tukila mchana aliniambia, "Mimi nawauguza kaka za watu ili nimlipe mtu amwuguze wangu." Akafunika chakula chake akarudi kazini.

Sasa nije kwa visa. Hii niliyokuja nayo ni ya muda tu. Nilipoomba ya kudumu, ili wewe na Shiru mje, ilibidi sote watatu tupimwe afya. Ulikwenda Nairobi na kaka yako Kimani. Najua ni wangapi waliokuambia unyamaze. Hata yule mama wa kanisani alikuambia hakuna eksrei inayoonyesha akili. Na wewe uliketi mbele ya daktari ukamweleza yote, kwamba umelazwa mara mbili, ni dawa gani unazomeza na ulizianza lini. Jioni uliponipigia ulisema, "Nimemwambia ukweli. Nisije nikawa mgonjwa na mwongo pia." Nilijivunia wewe siku ile. Bado najivunia. Tangu jibu lije umekuwa ukisema ungenyamaza, ungenyamaza. Tafadhali acha kusema hivyo. Wangelijua siku moja, na wangetufukuza tukiwa tumeshapanda viazi.

Jibu lilipokuja nilimwendea wakili, mwanamke mtu mzima, mpole. Alilisoma, akavua miwani. Nikamwambia hapa pana kosa. Mke wangu hajalazwa tangu binti yetu akiwa chekechea. Anashona sare za shule pale Makongeni, ana wasichana anaowafundisha kazi, kodi ya nyumba analipa yeye.

"Hawakumkadiria mke wako," akasema. "Sheria inawaambia wamfikirie mtu yeyote mwenye ugonjwa kama wake, halafu wakadirie mtu huyo anaweza kuigharimu nchi kiasi gani."

"Lakini mtu huyo hayupo," nikasema. "Anayekuja ni Nyambura."

"Najua."

Nikamwambia nitalipa mwenyewe, kila kidonge, kila tone la damu, niko tayari kuandika hivyo popote wanapotaka. Akatikisa kichwa. "Haijalishi nani atalipa. Wanachohesabu ni kile anachoweza kupewa." Nikamwuliza basi Shiru je. Akasema kwa visa yetu familia inatazamwa kama kitu kimoja, mmoja akianguka wote wameanguka, hata kama yule mmoja hasafiri.

Nimemfikiria sana mtu huyo wao. Ana ugonjwa wako na hana kitu kingine chochote. Hana mkono wa kushona. Hawezi kumwambia mhubiri kwamba mahubiri yamekuwa marefu na watu wana njaa. Hajui kupika mukimo. Wamemchukua huyo wakamweka mezani, wakaona ni ghali.

Halafu ikafika siku ya kwenda kwa Helen. Wiki kadhaa nyuma alikuwa amesikia dukani kwamba familia ya nesi inakuja, akaniahidi ataoka keki ya kuwapokea. Nilikuwa nimefunga mpira kwenye mkono wake nikitafuta mshipa aliponiuliza, "Wanafika lini? Nataka kujua binti yako anapenda chokoleti ama matunda."

"Wamekataliwa," nikasema.

"Kwa nini?"

Nyambura, nilishindwa. Ningemwambia nini? Kwamba nchi yake imeutazama ugonjwa ulio ndani ya mkono niliokuwa nimeushika, ikasema hautakiwi? Nikamwambia ni mambo ya makaratasi. Akasikitika kwa moyo wake wote, akasema serikali zote ni mbovu, kisha akanifungia keki ndogo ya dukani nikale mwenyewe. Nilimpa Leena.

Ni siku ileile kwa wakili ndipo lilipotoka lile neno jingine. Nilikuwa nimesimama niondoke akaniambia, "Kuna wateja ambao huamua kutengana kisheria. Sikushauri ufanye hivyo. Nakuambia tu sheria ilivyo. Ukiwa si mume wake, yeye si familia yako, na wewe na binti yako mtatazamwa peke yenu."

Nilimshukuru nikatoka. Nilitembea mji mzima kwa miguu, na siwezi kukudanganya kwamba nilikuwa nasema hapana njia nzima. Nilimwona Shiru kwenye darasa lenye maabara na vitabu. Nikasema labda tungetengana kwa muda, mambo yakikaa sawa nikuoe tena. Nilikuwa nimeshafika kwenye kiwanja cha mpira nilipogundua kwamba nikikuoa tena, watakupima tena.

Nilikusimulia habari ile kwenye simu kama kichekesho, wakili na mambo yake ya ajabu, nikitaka tucheke pamoja. Hukucheka. Wiki ikapita, halafu ukanipigia wewe. Sauti yako ilikuwa imetulia kabisa.

"Baba Shiru, nimefikiria. Niache. Mchukue Shiru mwende. Mimi nina cherehani yangu na nina Cucu. Sitaki kuwa mzigo wenu."

Sasa nataka unisikilize hapa. Katika kazi yangu, neno hilo mzigo tumefundishwa kulisikia kuliko maneno mengine yote. Mgonjwa akitulia ghafla, akaanza kugawa vyake, akasema yeye ni mzigo kwa watu, tunaacha kila kitu tunamkimbilia. Nikasahau kwamba naongea na mke wangu. Nikakuuliza vile ninavyowauliza watu baki.

"Nyambura, unafikiria kujiua?"

Ukasema, "Hapana, Mwaura. Nafikiria shule ya Shiru."

Ningeishia hapo. Lakini nikaongeza: "Umemeza dawa?"

"Haiya! Kila nikisema jambo zito lazima iwe ni dawa? Wengine wakifikiria mnasema wana akili. Mimi nikifikiria mnanihesabia vidonge."

Ukakata simu. Na mimi nikampigia Kimani, nikamwambia aende akuangalie mara moja. Alifunga karakana yake ya kuchomelea vyuma, akapanda boda, akaja mbio, na akakukuta unaanika nguo. Aliniambia ulimtazama tu juu ya kamba, ukamwuliza, "Ni yeye amekutuma?" halafu ukampikia chai. Anasema hakuwahi kuona aibu kama ile, amekaa kwenye kiti chako anakunywa chai yako huku anakuchunguza macho.

Niwie radhi. Swali la kwanza ningelirudia, na najua ungetaka nilirudie, maana tunajua wote wawili tulikotoka. Lakini lile la pili, na kumtuma Kimani, naomba unisamehe. Ulikuwa umekaa chini kama mzazi, ukapima mambo, ukatoa uamuzi mgumu kuliko wowote niliowahi kutoa mimi. Nami nikausikia kama dalili. Kama ningekuwa nimekaa mezani na wewe ningeliona hilo. Kwa simu nilisikia tu lile neno moja.

Kwa hiyo leo nakujibu kama mtu anavyomjibu mwenzake.

Kuhusu mzigo. Nchi hii imekaa ikakadiria ugonjwa wako una gharama gani. Kwetu hakuna aliyewahi kukadiria, na si kwa kuwa ulikuja bure. Zile siku mbaya Kimani alifunga karakana, wateja wake wakaenda kwingine. Cucu aliwaacha mbuzi kwa majirani akahamia kwetu, akawa analala mlangoni kwako. Mama Njeri wa nyumba ya pili alimpeleka Shiru shule na kumrudisha, muhula mzima, hata hatukumwomba. Hao ndio waliokuwa hospitali yako, na hakuna aliyewalipa. Nilikuwa nafikiri ndivyo watu wanavyoishi tu. Ni huku nilikojua kwamba kila kitu walichofanya ni kazi, ina jina, ina mshahara, ina likizo, na mimi ni mmoja wa wanaolipwa kuifanya. Wewe uliuguzwa na watu hao ukasimama. Leo unafundisha wasichana kukata kitambaa bila kupoteza hata kipande. Kama wewe ni mzigo basi na Helen ni mzigo, na hakuna mtu huku anayemwambia awape wengine watoto wake.

Kuhusu kutengana. Sitatia sahihi. Shiru angekuja hapa akajua kwamba mlango ulifunguka siku mama yake alipoondolewa njiani. Angelijua, hata tungemficha vipi. Angesoma vizuri, angepata kazi, na kila kitu kizuri angekila kikiwa na ladha hiyo. Na wewe ungebaki Makongeni na karatasi inayosema huna mume, halafu ugonjwa ukirudi, maana unaweza kurudi, ni nani angeitwa? Umesema una Cucu. Cucu anazeeka, Mama Shiru.

Kukata rufaa wakili anasema inawezekana, lakini kwa visa ya aina yetu haoni mlango. Nimeacha.

Nilimwendea mkubwa wangu wa kazi nikamwambia mkataba ukiisha Desemba sitaweka sahihi mwingine. Yeye ni mtu mwema. Alikuwa amewaandikia wenye visa kututetea, haikusaidia kitu. Aliposikia naondoka alishika kichwa. "Nafasi yako ilikaa wazi mpaka tukakata tamaa, ndipo ukaja," akasema. "Sasa nani ataendesha mpaka kwa Helen?" Haukupita muda mrefu, wakatangaza kazi yangu. Leena alinionyesha tangazo kwenye simu yake. Lina picha ya watoto wanacheza mtoni, na limeandikwa kwamba wauguzi kutoka nchi zote wanakaribishwa, njoo na familia yako. Leena hakujua afanye nini na uso wake. Mimi nilicheka, kisha nikaenda chooni nikanawa.

Nimepata kazi Ruiru. Usishangilie. Kuna kliniki ndogo ya kanisa, sista anayeisimamia tulisoma naye. Nilimwuliza kama wanamhitaji nesi wa akili, akasema wanamhitaji tangu wafungue. Halafu akasema, "Mwaura, nitakuambia mshahara lakini usicheke." Ni siku tatu kwa wiki, na malipo ni madogo kuliko yale aliyokuwa akinilipa yule bwana wa wodi. Nimekubali. Siku nyingine nitatafuta cha kufanya.

Najua maana yake, na sikudanganyi kwamba narudi kwa furaha. Ile nyumba tuliyoanza kujenga Gatuanyaga itabaki msingi, nyasi ziote katikati. Shiru atasoma shule ya kutwa. Kupima damu litakuwa tena jambo la kukaa chini na kupanga, na wewe utataka kuahirisha, na mimi nitakataa, na tutagombana. Nimekaa huku nikaona kwa macho yangu jinsi ugonjwa huu unavyoweza kuwa jambo la kawaida, kama mtu mwenye sukari anavyomeza dawa zake akaenda kazini. Nilitaka uishi hivyo. Ndicho kitu nilichokuja kukutafutia, na nimekikuta, na sikuruhusiwa kukupa. Hilo litaniuma muda mrefu.

Tena naona uchungu wa miaka. Nilimwacha Shiru akinifikia hapa kifuani. Kwenye picha uliyotuma juzi amesimama nyuma yako na kichwa chake kimepita chako. Ameanza kusimama kama dada yako mkubwa, mguu mmoja mbele. Lini alianza kusimama hivyo? Hakuna wa kunirudishia miaka hiyo, na sina wa kumlaumu ambaye jina lake nalijua.

Bado hajaambiwa kwamba hamji huku. Jana alinitumia ujumbe, "Niaje Dad, ni kweli huko kangaroo huingia shuleni ama ni story tu?" Nikamjibu ni kweli, huingia. Nilishindwa kuandika jingine. Tafadhali usimwambie wewe. Jumapili mkitoka kanisani nitapiga simu ya video, nimwambie mwenyewe nikimwona uso. Atalia, na atatafuta mtu wa kukasirikia. Nataka awe mimi. Ukiona ameondoka mezani, mwache aende, usimfuate mara moja.

Nisalimie Cucu. Mwambie shati alilonishonea nalivaa kanisani, na watu wanauliza nililinunua wapi. Nisalimie Kimani, shemeji yangu, na umwambie naomba radhi kwa kumtuma kazi ya upelelezi kwa dada yake. Nisalimie Mama Njeri jirani yetu. Yule mama wa Kihindi wa kemisti anayekuwekea vidonge kando vikiwa vimeadimika, mwambie mumeo anamshukuru, na kwamba hata huku sijamwona mtu wa dawa anayemkumbuka mgonjwa kwa jina kama yeye. Wasichana wako wa cherehani wote salamu. Mhubiri pia, ila usimwambie nilivyomwandika.

Najua kufika hapa utakuwa umeshakasirika, kwa kuwa nimemwambia mkubwa wangu kabla sijakuuliza wewe. Nilifanya hivyo makusudi. Ningekuuliza ungenishinda kwa hoja, maana kwa hoja hunishinda siku zote, na sasa hivi ningekuwa kwa wakili nimeshika kalamu. Kasirika. Una haki. Niandikie kila neno unalotaka kunitupia, mpe Mama Wairimu akirudi, nitasoma lote. Na Desemba ikifika ukiwa bado hutaki kuongea na mimi, ni sawa. Nitashuka Thika na mizigo yangu, nitakuja mpaka nyumbani, nitakaa kwenye ngazi pale nje mpaka utakapotaka.

Mumeo bado,

Baba Shiru